Wafalme wa Ngoma: Vyama vya Beni katika Nchi ya Tanga na Korogwe

Kerenge ni kata ya Wilaya ya Korogwe, katika Mkoa wa Tanga. Mtu akaaye huko yu jirani wa nchi tatu za wenyeji: Usambaa juu milimani, Bondei upande wa kuelekea pwani, na Uzigua upande wa Handeni. Historia ya pande hizi imeandikwa, wala haikuandikwa vibaya. Habari za Mbega na uzao wake tunazo katika kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, Habari za Wakilindi. Habari za mkonge tunazo pia: Mdachi aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche mwaka 1893, na katika miche hiyo ikapona 62 tu, nayo ndiyo mama wa mashamba yote yaliyofuata. Reli nayo ina kumbukumbu zake. Ilianzwa Tanga mwaka huo huo wa 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911.

Lakini katika habari hizo zote lipo swali moja ambalo aghalabu haliulizwi. Watu walioitwa na reli na mkonge kutoka nchi za mbali, walipoweka chini panga na sururu jioni, walikuwa watu wa nani? Aliyeugua aliuguzwa na nani? Aliyekufa alivishwa sanda na nani, naye hana mjomba wala shangazi mwendo wa siku ishirini? Na sikukuu ilipofika, alialikwa kwa nani? Kanuni za serikali hazikuwa na jibu, na mwenye shamba hakujihusisha. Sehemu kubwa ya jibu, ajabu ya mambo, imo katika mchezo.

Nasema mchezo kwa maana yake hasa. Huko Ulaya na Marekani umeenea tangu nusu ya pili ya karne ya 20 mchezo wa watu wazima kukutana msituni au katika ngome ya kale, kuvaa mavazi ya zama nyingine, na kila mmoja kujitwalia jina na cheo kisicho chake. Huyu huwa mfalme, huyu askari, huyu tabibu, nao wakaishi hivyo siku mbili tatu, wakipigana vita vya uongo na kula karamu za kweli. Chama kimoja cha namna hiyo kilianzishwa Berkeley, California, mwaka 1966. Uingereza kundi la Treasure Trap lilianza kucheza katika ngome ya Peckforton mwaka 1982. Wenyewe huuhesabu mchezo huo kuwa jambo jipya. Msomaji wa pwani yetu akisikia hayo yamkini atatabasamu, maana hapa wafalme wa mchezo, majenerali wa mchezo na madaktari wa mchezo walikuwapo tangu miaka ya 1890. Walikutana katika ngoma iitwayo beni.

Jina hilo latokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga tarumbeta na ngoma za kijeshi. Miji ya kwanza kuicheza ni ya pwani ya Kenya: Lamu, Malindi na Mombasa. Vijana wa miji hiyo walikuwa wamekwisha kuizoea sauti ya shaba. Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, alikuwa na bendi yake, na manowari za Kizungu zilipotia nanga muziki wao ulisikika mjini. Basi vijana wakagawanyika makundi mawili mawili ya kushindana, kama ilivyokuwa desturi ya ngoma za pwani tangu zamani. Mombasa walikuwapo watu wa Kingi na watu wa Skochi. Hawa wa pili waliwafuata askari wa Kiskoti wapigao zumari. Kundi likipita barabarani kwa mstari, na vijiti mabegani mahali pa bunduki, lingine lilikuwa limekwisha kutunga nyimbo za kulikebehi.

Katika nchi iliyokuwa chini ya Wadachi makundi hayo yaliitwa Marini na Arinoti. Tanga ilikuwa mahali pafaapo sana kwa jambo hilo. Palikuwa na shule ya serikali iliyotoa makarani na walimu, nayo shule hiyo ilikuwa na bendi ya wanafunzi. Palikuwa na bandari. Na palikuwa na stesheni ambapo kila gari la moshi lilishusha wageni. Marini, ambao jina lao latoka kwa askari wa baharini, walijiona kuwa ndio waungwana: makarani, watu wa mji, watoto wa pwani. Arinoti waliwakusanya zaidi watu wa bara na wafanyao kazi za mikono. Kutoka pwani beni ikasafiri kwa reli na kwa njia za wapagazi, ikaenea mbali sana na bahari. Kijana wa Usambaa au Uzigua aliyeshuka Tanga kutafuta kazi, kabla hajapata bwana wa kumwajiri, aliweza kupata jenerali wa kumwamuru.

Yafaa tukae kidogo juu ya vyeo hivyo, kwa sababu ndivyo vilivyowashangaza watazamaji na ndivyo vilivyoufanya mchezo kuwa mchezo. Alikuwapo Kingi au Kaiza, kulingana na bendera iliyopepea. Walikuwapo Gavana, Jenerali, Kanali, Kapteni, Sajini, Daktari. Wanawake walikuwa na vyeo vyao, Kwini na vinginevyo. Mtu hakuvaa cheo siku ya ngoma tu akakivua usiku. Wenzake walimwita kwa cheo hicho njiani, wakamsalimu kwa saluti, na akikosa adabu kwa mkubwa wake alitozwa faini. Kupanda daraja kulitaka mali na bidii: michango, ukarimu, ustadi wa kucheza, na moyo wa kuwahudumia wenzi. Tukumbuke jeshi la kweli lilivyokuwa. Katika jeshi la Wadachi Mwafrika aliweza kuwa ombasha, kisha shaushi, na wachache mno wakawa efendi. Hapo ngazi ikaisha. Katika beni mpishi au mchukuzi wa mizigo aliweza kuwa jenerali, na karani wa posta aliyesimama siku nzima mbele ya Mzungu aliweza kuamka Jumapili akiwa gavana.

Wazungu wengi walioiona beni waliandika kwamba ni kuiga tu. Nami siwezi kukubaliana nao, na sababu yangu ipo karibu, katika mto ule ule upitao Korogwe. Mto Pangani hushuka mpaka mji wa Pangani, na mwanachuoni Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995, ameonyesha jinsi watu wa mji huo kabla ya Wadachi kuja walivyoshindana kwa ngoma na karamu. Mgeni wa bara, mtumwa mwenye kujitafutia, mpagazi aliyepata fedha kidogo, wote walijaribu kununua nafasi katika mji kwa kulisha watu na kucheza. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo naye, katika Desturi za Wasuaheli kilichochapwa mwaka 1903, ameeleza habari za ngoma za mji wake. Maana yake ni kwamba cheo cha ngoma kilikuwa desturi ya pwani kabla ya tarumbeta. Wachezaji wa beni walichukua sare na majina ya wenye nguvu wa wakati wao, wakayatia katika chombo cha kale. Babu zao walikuwa wamefanya hivyo hivyo kwa kilemba na joho la Mwarabu.

Na chombo hicho kilibeba nini? Kwanza, kilibeba wageni. Mwanachama aliyehama kutoka mji mmoja kwenda mwingine alikuwa na wenziwe huko, ijapokuwa hakuwa na ndugu hata mmoja. Alijitambulisha kwa cheo chake na kundi lake, akapewa mahali pa kulala na chakula mpaka apate kazi. Pili, kilibeba wagonjwa na wafu. Fedha za faini na michango zilitumika kwa mazishi na kwa kuwasaidia walioharibikiwa. Hapa ndipo nionapo kiini cha jambo lote. Udaktari wa yule Daktari ulikuwa wa kuigiza, hana dawa wala cheti. Lakini mtu aliyeugua kambini aliangaliwa kweli, kwa kuwa wenye cheo walipaswa kwenda kumtazama. Cheo kilikuwa cha uongo na wajibu wake ulikuwa wa kweli. Wachezaji walilijua hilo vizuri kuliko wote waliowachunguza.

Tatu, kilibeba sherehe. Tawi la mji mmoja lilialika wenzao wa mji mwingine, nao wakaja kwa gari la moshi au kwa jahazi, wakapokewa kwa gwaride. Ng'ombe walichinjwa, wali ukapikwa kwa masufuria, na ngoma ikakesha. Mwaka uliofuata walioalikwa iliwabidi kualika, tena kwa ukarimu uliozidi. Na kundi la upinzani la mji huo huo halikukaa kutazama: lilifanya karamu yake, likahesabu ng'ombe wa wenzao, likaongeza mmoja. Hapo msomaji aweza kuona raha yake na hatari yake kwa pamoja. Mshahara wa mwezi uliweza kuliwa kwa usiku mmoja. Watu waliingia katika deni ili Kapteni wao asiaibike. Na mtu akiyasoma majivuno ya Marini juu ya watu wa bara ataona kwamba mchezo ule ule uliowafanya wageni kuwa ndugu uliwafanya wageni wengine kuwa washenzi. Sioni haja ya kuficha hayo. Chama kilichopanga watu kwa ngazi hakikuweza kukosa wa kuwekwa chini.

Vita Kuu ya Kwanza viliipima beni kwa kipimo kizito. Vilianza kwa upande wa Tanga na mapigano ya Novemba 1914, Waingereza wakashindwa pale bandarini. Mwezi wa Juni 1916 walirudi kwa njia ya bara, wakashuka na bonde la Pangani, wakaingia Korogwe na Handeni. Askari na wapagazi wa pande zote mbili walichukuliwa mbali mno na kwao. Wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi. Hesabu za Waingereza peke yao, kwa wapagazi wa Kenya na Uganda, zilitaja zaidi ya 40,000. Katikati ya maangamizi hayo beni ilizidi kuenea. Ilichezwa katika kambi za askari, ilichezwa na mateka, na vita vilipokwisha mwaka 1918 askari waliorudi makwao waliichukua mpaka Nyasa na Rodesia ya Kaskazini, ndizo Malawi na Zambia za leo. Huko ilizaa ngoma nyingine, kama vile mganda na malipenga. Vita vya kweli viliwatenganisha watu wa chama kimoja, huyu upande wa Kaiser na huyu upande wa King George. Mchezo wa vita uliwapa mahali pa kukutania.

Mara baada ya vita serikali ya Waingereza ilishikwa na wasiwasi. Maofisa waliona chama chenye wafalme, makatibu, barua na matawi kutoka pwani hata maziwa makuu, chenye Waislamu na Wakristo pamoja, wakajiuliza: je, hii si njama? Wengine walihofu fitina ya dini, wengine hata waliwataja Wabolsheviki wa Urusi. Barua zikaandikwa, watu wakahojiwa. Mwisho wa uchunguzi hawakupata njama. Yafaa tuione dhihaka ya jambo hilo: mtu mwenye gavana wa kweli aliogopa gavana wa ngoma. Wamishonari wa mahali pengi nao waliikataza kwa wafuasi wao, wakiona kwamba ngoma ya usiku yaharibu adabu.

Hata hivyo wasiwasi ule haukuwa wa kipumbavu kabisa. Mwaka 1935 wachimbaji wa shaba wa Rodesia ya Kaskazini waligoma, na huko Luanshya watu 6 waliuawa kwa risasi. Tume iliyoundwa kuchunguza iliuliza sana habari za Mbeni, ndiyo beni ya huko, kwa sababu ndicho kilikuwa chama kilichojua kukusanya watu wa makabila mengi bila idhini ya mzee wa kabila wala ya kampuni. Mtu aliyezoea kuwapanga wenzake kwa gwaride, kukusanya senti zao na kupeleka habari mji hata mji, amejifunza kazi ambayo haikomei katika ngoma.

Tanga penyewe palikuwa na watu walioutaka ujuzi huo bila mavazi yake. Martin Kayamba, Mbondei aliyesoma katika shule za misheni na kupanda kuwa karani mkuu, aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922. Chama hicho kilikusanya Waislamu na Wakristo, kikajishughulisha na kusoma, michezo ya mpira na haja za watumishi. Hakuwapo Kaiza humo, palikuwa na rais na katibu. Mara nyingi vyama hivyo viwili husimuliwa kana kwamba kimoja ni ujana na kingine ni utu uzima wa siasa. Nadhani hesabu hiyo ni nyepesi mno. Rais wa chama cha makarani naye alikuwa amejivika cheo ambacho serikali haikumpa. Tofauti ni kwamba alikivaa na suti badala ya sare. Kutoka vyama vya namna hiyo kikaja Chama cha Waafrika mwaka 1929, na TANU tarehe 7 Julai 1954.

Kuhusu wanawake, njia ilikuwa fupi zaidi. Mombasa vyama vyao vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, vilikuwa na vyeo na mashindano kama vya beni, na Margaret Strobel ameandika habari zao katika kitabu cha mwaka 1979. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji mashuhuri wa kundi la ngoma liitwalo Bomba. Sehemu ya wanawake ya TANU ilipoundwa mwaka 1955, alikwenda kwa viongozi wa makundi ya ngoma, akapata kwa mara moja kile ambacho wanaume wa kamati walikitafuta kwa taabu: wanawake waliokwisha kujipanga, wenye viongozi waliowatii na fedha waliyozoea kuichanga. Waliandikishwa kwa maelfu. Mabibi waliokuwa na vyeo vya ngoma wakawa wajumbe wa chama cha kudai uhuru, na sidhani kama walihitaji kufundishwa namna ya kuendesha mkutano.

Beni yenyewe wakati huo ilikuwa imefifia bara. Vijana wa mjini walipenda dansi, na Tanga ikapata sifa mpya kwa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Unguja bado hupigwa harusini, na watu hucheka na kucheza nyuma yake barabarani, lakini Kingi na Jenerali wa zamani hawapo.

Walakini mashamba ya mkonge yalizidi kuita watu. Shirika la kuwaandika wafanyakazi, SILABU, liliundwa mwaka 1944, likawaleta Wabena, Waha, Wamakonde na wengine kwa malori na magari ya moshi. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake, na kila mmoja alikuwa na kipande cha kutimiza siku 30 za kazi. Kambi hizo zilihitaji jibu lile lile la swali lile lile, na jibu mojawapo lilikuwa la kale kuliko beni. Ni utani. Mwingereza R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekaa miaka mingi Amani katika Usambara ya Mashariki, aliona kwamba watu wa makabila mbalimbali waliokuwa wakifanya kazi pale walikuwa na haki ya kutukanana, kunyang'anyana vitu na kuzikana, akaandika habari hizo katika miaka ya 1940. Mnyamwezi na Mzigua, ambao babu zao walikutana katika njia za misafara, walikuwa watani hata kama hawajaonana kamwe.

Mtani naye ni mchezaji. Hujifanya mwenye deni lake, hujifanya mrithi, hujifanya adui. Msibani, wakati wenye maiti wanalia, yeye huigiza namna marehemu alivyotembea na alivyokuwa bahili, mpaka waliaji wacheke. Kisha huenda akaingia kaburini kabla ya maiti, akalala humo, akasema hapa ni pake wala hatoki. Wafiwa humsihi, humgombeza, humtolea senti chache. Yeye huzihesabu taratibu, hulalamika kwamba hazitoshi, huongezewa, ndipo hutoka, akajipangusa udongo, akashika jembe, akawazika watu wa watu.